Moyo Uvujao Huanzia Kooni

Watu wa Kisii na Nyamira ni wakarimu sana inapotokea kwamba mtoto wa jirani anahitaji upasuaji wa moyo. Kadi za mchango huchapishwa, kuku na mikungu ya ndizi hupigwa mnada, walimu huchangia kutoka mishahara yao midogo, na wanafunzi huleta walichojaliwa. Sina neno baya juu ya ukarimu huo. Nimehudhuria harambee za aina hii mara nyingi na kuona jinsi fukara anavyotoa cha mwisho alicho nacho. Kinachonikera ni jambo jingine. Mara nyingi mwiba uliomdunga mtoto huyo uliingilia kooni, miaka kadhaa iliyopita, akiwa darasani mbele ya macho yetu. Na ungaliweza kung'olewa kwa sindano moja ya penisilini.

Hoja yangu leo ni hiyo. Tunachanga maelfu kwa maelfu ya shilingi kwa ajili ya moyo ulioharibika, ilhali tunalipuuza koo linalouma, ambalo dawa yake ni rahisi na imekuwako tangu enzi za babu zetu. Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tumeudharau mwiba wa kooni na sasa ni moyo uliofura.

Ili tuelewane, sharti kwanza tukumbushane jinsi moyo unavyofanya kazi. Moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Upande wa kulia hupokea damu kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea damu hiyo ikiwa imekwisha kupata oksijeni na kuisukuma hadi utosini na unyayoni. Mna vali nne, yaani vilango vyembamba, ambazo kazi yake ni moja tu: kuiruhusu damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hufungua na kufunga kila vali zaidi ya mara laki moja kwa siku. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila upande husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Hizo ni lita 7,200 kwa siku, sawa na mitungi 360 ya lita 20, kama ile ambayo akina mama wetu huteka mtoni na kupandisha nayo milima.

Sasa fikiria kwamba kilango kimoja kimekunjamana na kukakamaa, kingo zake hazikutani tena. Moyo unapojikaza kuisukuma damu mbele, sehemu ya damu hiyo hupenya kwenye mwanya na kurudi ilikotoka. Hivyo moyo hulazimika kuisukuma damu ile ile tena na tena, kama mtu anayejaza pipa lililotoboka. Ili kukidhi haja ya mwili, moyo hutanuka, na kadiri unavyotanuka ndivyo unavyozidi kudhoofika.

Aghalabu vali inayoumia ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Inapovuja, damu inayorudi hurundikana hadi mapafuni. Ndipo mtoto aliyekuwa akipanda kilima cha shule mbiombio anaanza kutweta njiani. Ndipo anaposhindwa kulala chali usiku, akawa anakohoa na kuketi kitandani apate pumzi. Hatimaye miguu huvimba. Wengi hutibiwa pumu, wengine nimonia, na wengine hushukiwa kuwa na kifua kikuu, kwa kuwa dalili zote zimejitokeza kifuani na hakuna aliyeuliza habari za moyo.

Je, chanzo ni nini? Kuna bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, ambaye hupenda koo za watoto, hasa wale wa umri wa miaka 5 hadi 15. Wengi humshinda bila taabu. Lakini kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kingamwili zilizoundwa kumpiga adui hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, kama askari waliochanganyikiwa gizani. Viungo huuma na kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Homa hupanda. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo huisha yenyewe na mtoto hurudi shuleni. Moyo, hata hivyo, huenda ukawa umeachiwa kovu, na kila koo linalofuata la aina hiyo huongeza kovu juu ya kovu, hadi vali ikose kufunga.

Ugonjwa huu si nadra. Duniani kote, zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na mioyo iliyoharibiwa kwa njia hii, na wanaokufa kila mwaka hawapungui laki tatu. Karibu wote ni watu wa nchi maskini, au maskini wa nchi tajiri. Huko Ulaya na Marekani, ambako zamani ulijaza wodi za watoto, umepungua mno kwa sababu mbili: nyumba zilipata nafasi na hewa, na koo zilipata penisilini. Mwezi Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yote yapigane nao. Azimio hilo lina umri wa miaka sasa, nami nauliza limefika darasa gani katika Borabu, Ekerenyo, Ogembo au Suneka.

Nasema darasa kwa sababu naona kwamba tatizo letu ni la elimu kabla ya kuwa la matibabu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alifundishwa Biolojia ya moyo kwa undani. Aliuchora, akaandika majina ya vali, akaonyesha kwa mishale damu ielekeako. Ilipofika sehemu ya magonjwa ya mfumo wa damu, silabasi ilimtajia damu kuganda mishipani, vena zilizovimba miguuni, na kukakamaa kwa mishipa ya ateri. Hayo ni maradhi ya kweli, lakini mengi yake huwapata watu wazima. Ugonjwa wa moyo unaomnyemelea mwanafunzi mwenyewe akiwa ameketi pale na penseli mkononi haukuwamo katika orodha hiyo. Tulimfundisha mishale ya damu iendayo mbele, tusimwambie ni nini huifanya irudi nyuma.

Mfumo huo unaelekea ukingoni, kwani mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne ni wa mwaka 2027. Mtaala mpya unajinasibu kuwa wa umilisi, yaani wa kumwezesha mwanafunzi kutenda. Basi na uanzie hapa. Mtoto anayejua kwamba koo lake linaweza kuudhuru moyo wake amepata umilisi unaozidi alama yoyote ya mtihani.

Kuna sababu ya kulizungumzia jambo hili kwa kutaja Kisii na Nyamira. Bakteria huyu husafiri kwa matone ya kikohozi na chafya, na msongamano ndio gari lake. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860, ambao ni watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576, ambao ni 675 kwa kilomita mraba. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Ongeza hapo baridi na mvua za nyanda hizi za chai, ambazo huwafanya watu wafunge madirisha. Ongeza chumba kimoja wanamolala ndugu wanne au watano. Ongeza mabweni ambamo vitanda vimebanana. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Kanuni hiyo ilizaliwa na hofu ya moto, lakini ikifuatwa humzuia pia adui huyu asiyetoa moshi.

Walimu wenzangu katika kazi ya kuelimisha umma, nataka niseme nanyi waziwazi. Ninyi ndio mnaoweza kuuona ugonjwa huu kabla ya daktari. Mzazi humwona mtoto alfajiri na jioni. Ninyi mnamwona mchana kutwa. Mnaona anayeshika shingo akimeza mate. Mnaona aliyekuwa wa kwanza uwanjani akiketi kando ya mpira. Kuna dalili nyingine ambayo aghalabu huadhibiwa badala ya kutibiwa. Homa ya baridi yabisi huweza kuugusa ubongo, na miezi kadhaa baada ya koo kupona mtoto akaanza kuchezacheza mikono na uso bila hiari. Mwandiko wake uliokuwa mzuri huharibika ghafla. Kikombe humponyoka. Hukunja uso kana kwamba anamdhihaki mwalimu. Daktari Mwingereza, Thomas Sydenham, aliieleza hali hii katika karne ya 17, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Katika shule zetu huitwa utundu.

Nyumbani huitwa jina baya zaidi. Mtoto anayerusha mikono bila sababu inayoonekana husemwa amerogwa, na katika nchi yetu ya Gusii neno hilo si la mzaha. Mwezi Mei 2008, watu 11 waliteketezwa huko Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi kwamba mauaji hayo yalitokana na ugonjwa huu. Nasema kwamba palipo na mazoea ya kutafuta mchawi, ugonjwa usiojulikana jina ni hatari kwa mgonjwa na kwa jirani yake pia. Mwalimu anayeweza kumwambia mzazi, "Hii ni homa ya baridi yabisi, mpeleke hospitali," huenda akaokoa maisha ya watu wawili kwa sentensi moja.

Kuna watakaosema kwamba ninayoyadai ni ndoto. Hebu tutazame wenzetu. Huko Kuba, katika mkoa wa Pinar del Río, mpango wa miaka 10 ulianzishwa mwaka 1986 wa kuwaelimisha wahudumu wa afya, walimu na wazazi, kuyatibu makoo na kuwafuatilia wagonjwa kwa daftari. Wanafunzi waliokuwa na ugonjwa huu wa moyo walipungua kutoka 2.27 kwa kila 1,000 mwaka 1986 hadi 0.24 mwaka 1996. Kuba haikuwa nchi tajiri katika miaka hiyo. Ilikuwa na daftari na watu wa kulifuata.

Karibu nasi zaidi, watafiti nchini Msumbiji waliwapima wanafunzi kwa njia mbili na kutoa matokeo mwaka 2007. Kwa chombo cha kusikilizia kifua waliwapata watoto wapatao 2 wenye ugonjwa katika kila 1,000. Kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayouonyesha moyo ukipiga, waliwapata 30. Maana yake ni kwamba palipo na mgonjwa mmoja anayejulikana, huenda wapo wengine zaidi ya 10 ambao hata wenyewe hawajijui.

Na wakijulikana, kuna la kufanya. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa ungali umejificha. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, na nusu nyingine hawakudungwa. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa miongoni mwa waliodungwa walikuwa watatu. Miongoni mwa wasiodungwa walikuwa 33. Sindano hiyo si ya jana. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na hadi leo bakteria huyu wa kooni hajajifunza kuishinda, licha ya kwamba bakteria wengine wengi wamezishinda dawa zao.

Linganisha hayo na njia tuliyoizoea. Vali ikisha haribika kabisa, hakuna sindano itakayoinyosha. Mgonjwa atahitaji upasuaji. Nashukuru kwamba Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, jirani wa Nyamira, hufanya upasuaji wa moyo, na kwamba Nairobi ziko hospitali ziufanyao pia. Lakini foleni ni ndefu, gharama ni kubwa, na upasuaji wenyewe si mwisho wa safari. Aliyewekewa vali ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na sharti damu yake ipimwe mara kwa mara. Dawa ikizidi, huvuja damu. Ikipungua, damu huganda kwenye vali. Kwa msichana mzigo ni mzito zaidi. Mwanamke anapopata mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijikongoja kimyakimya huweza kushindwa kabisa. Wako wanawake ambao ugonjwa wao uligunduliwa katika chumba cha kujifungulia, na wako ambao haukugunduliwa hata hapo.

Ni nani basi wa kulinda koo la mtoto? Hapa naona ufa mkubwa. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, ilhali zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Mtoto akiwa darasani ni wa Nairobi. Akivuka barabara kuingia zahanati ni wa gavana. Koo lake limebaki barabarani, si la yeyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo hujengwa kwa fedha ambazo mkulima wa chai hana.

Najua walimu watanijibu kwamba mwalimu si daktari, tena darasa lina wanafunzi 60 na kazi ya kusahihisha haiishi. Jibu hilo ni la haki. Najua pia kwamba makoo mengi yanayouma hutokana na virusi, ambavyo penisilini haivigusi, na kwamba kugawa viuavijasumu ovyo ni kujichimbia shimo jingine. Simtaki mwalimu atibu. Namtaka atambue na kutuma. Koo linalouma pamoja na homa, tezi za shingo zilizovimba, mafindofindo yenye usaha, tena bila mafua wala kikohozi, lipelekwe zahanati mapema. Penisilini ikianza kutolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huweza kuzuiwa. Maji ya chumvi na tembe za kutuliza maumivu hupoza koo, lakini haziuulindi moyo. Vivyo hivyo ile desturi ya kukata kimio, inayofanywa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, humwachia mtoto jeraha na kumwachia bakteria makao yake.

Mapendekezo yangu ni manne, nayo hayahitaji kusubiri mfadhili. Kwanza, kila shule ya Kisii na Nyamira iteue mwalimu mmoja wa afya, na kila zahanati imteue muuguzi mmoja wa kuwasiliana naye. Pili, wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa na serikali mwaka 2023 wafundishwe dalili za homa hii, na ratiba yao ifike shuleni, wala isikomee nyumbani. Tatu, serikali za kaunti zihakikishe kwamba benzathini haikosekani katika zahanati, kwa kuwa sindano ya kila mwezi inayopatikana mwezi mmoja na kukosekana miezi miwili haimlindi mtoto. Nne, kila kaunti iwe na daftari la wagonjwa hawa, ili aliyehama kutoka Keroka hadi Kilgoris asipotee pamoja na sindano yake. Mtoto aliyekwisha kupata homa hii huhitaji kudungwa kwa miaka 10 au zaidi. Bila daftari, nani atakumbuka?

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba habari hizi ni za wakubwa. Mwenzako wa dawati akikuambia kwamba koo linamuuma na mwili una moto, usimwambie avumilie mpaka mtihani uishe. Mfikishe kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Aliye na daftari la sindano asionewe haya bwenini wala kuitwa mgonjwa wa kudumu. Mkumbusheni tarehe yake kama mnavyokumbushana tarehe ya kufunga shule.

Sisemi harambee zikome. Wapo watoto ambao tayari vali zao zinavuja, na hao tusipowachangia tutakuwa tumewatupa. Lakini katika kila harambee ijayo, baada ya kuku wa mwisho kupigwa mnada na mhasibu kusoma jumla, namwomba mwalimu mmoja asimame, achukue kipaza sauti, na awaeleze wazazi waliokusanyika kwa dakika tano jinsi ugonjwa huo ulivyoanza. Kila mmoja wao ana mtoto nyumbani, na kila mtoto ana koo. Walimu, kazi kwenu.